Joho la Kuagwa

Asubuhi ile ya Jumamosi Burulkan alivaa gauni lake la kijani, lile analolitunza kwa shughuli za watu, akafunga kitambaa kipya cha hariri kichwani, kisha akapeleka mkono shingoni kama afanyavyo kila siku kabla ya kutoka. Mkono ukakuta ngozi tupu. Ndipo akakumbuka kwamba ufunguo alikuwa amempa Kubat, Alhamisi.

"Unatafuta nini?" mumewe Jolchu akamuuliza. Alikuwa ameketi kizingitini anakwangua matope kwenye buti, mikono inanuka moshi wa mizinga ya nyuki.

Akamwambia hatafuti kitu.

"Ufunguo wako umeenda kutembea?"

Basi ikabidi amweleze. Kompyuta za chumba cha mtihani zilikuwa zinasumbua, fundi alikuwa aje Ijumaa kutoka mjini, na yeye mwenyewe kikohozi kilikuwa kimemkaba. Kubat akamwambia abaki nyumbani anywe maziwa ya moto, fundi atamsimamia yeye. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Jolchu hakuinua macho kwenye buti. "Hata kuoga ulikuwa unaoga nao. Mimi mumeo hujanipa hata siku moja niushike."

"Wewe ungeenda kufuga nyuki humo."

"Na nyuki wangu wangefaulu huo mtihani, kizee wangu. Wangemshinda shemeji wa mkuu wa wilaya."

Burulkan akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. Akamwambia avae kofia yake nyeupe, watachelewa. Jolchu akasema yeye nyuki wake anawafungia masega kabla ya baridi, aende mwenyewe, amsalimie mtoto. Ukweli ni kwamba Jolchu hakupenda shughuli ambazo mkuu wa wilaya yupo, kwa sababu pale mtu halali chini ya mti akishashiba.

Kwa hiyo alitoka peke yake, na zulia dogo la sufu amelibeba begani. Zulia hilo alikuwa amelishona kwa mkono wake majira yote ya kiangazi, pembe za kondoo nyekundu juu ya sufu ya kahawia, kwa ajili ya mtoto wa Kubat. Mtoto alikuwa ameanza kusimama, na leo alikuwa anakatwa kamba ya miguu.

Huo ufunguo una habari yake, na bila kuijua mtu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke mzima anatembea njia nzima akijishika shingo.

Zamani kazi zote za wilaya ile zilikuwa zinagawiwa kama nyama ya shughuli. Kila mfupa una mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kabla kondoo hajachinjwa. Mtu akitaka awe mtendaji wa kijiji au karani wa ardhi, mjomba wake alikwenda kwa mkuu wa wilaya, mlango ukafungwa, chai ikaingizwa, na mlango ulipofunguliwa kazi ilikuwa imeshapata mtu. Burulkan alikuwa afisa utumishi. Kazi yake ilikuwa kuandika jina aliloambiwa. Aliandika majina ya watu wasiojua kusoma ramani wakapewa ardhi, na ya walevi wakapewa maji ya mfereji, na akarudi nyumbani akakanda unga.

Kisha ikaja sheria mpya kutoka mji mkuu, Bishkek. Kila kazi itangazwe. Kila anayeitaka afanye mtihani kwenye kompyuta, alama zionekane hapo hapo ukutani, halafu usaili mbele ya wanakijiji. Wengi waliichukulia kama mvua ya kupita. Burulkan hakuichukulia hivyo. Alichagua chumba cha mwisho cha korido, akatia kitasa kipya, akafunga ufunguo kwa uzi mwekundu wa sufu alioufuma mwenyewe, akauvaa. Hata mkuu wa wilaya wa wakati ule hakuwa na wa pili. Kisha akaazima farasi akazunguka vijijini mpaka malishoni juu, kwenye mahema ya wachungaji, akiwaambia watu maneno yale yale: njooni peke yenu. Usije na mjomba, usije na kondoo. Ukija peke yako utapimwa kama wengine.

Mtu wa kwanza aliyemwamini alikuwa Kubat. Kijana wa mchungaji, alikuja buti zimelowa, vidole vimepasuka kwa baridi, hajui pa kuweka kofia. Mama yake, Zuura, alimfuata nyuma na mfuko wa mtindi mkavu, vile vidonge vyeupe vya chumvi, akataka kumpa Burulkan mkononi. Burulkan akamrudishia. Akamwambia, mama, nikila hiki leo, mwanao hata akifaulu watasema ameingia kwa mtindi. Zuura alikasirika hata akalia. Kubat akaingia, akafanya mtihani, jina lake likatokea la kwanza ukutani. Mkuu wa wilaya alimtaka binamu yake. Burulkan akasimama mlangoni pa mkuu akasema alama watu wameshaziona, na hakuondoka pale mpaka ile karatasi ya ajira ikatiwa saini.

Kubat hakusahau. Ndivyo alivyokuwa akisema kila mara. Alipanda mpaka akawa katibu wa ofisi ya wilaya, kijana nadhifu, anayejua kuzungumza na wageni wa mashirika, na kila wageni walipokuja aliwapeleka kwa Burulkan kwanza. "Huyu ndiye Eje wetu," alikuwa akisema. Eje ni dada mkubwa. "Bila yeye mimi ningekuwa nafuata mikia ya kondoo."

Mwezi wa nane Burulkan alifikisha umri wa kustaafu. Mkuu mpya wa wilaya, Kachkinbay, alikuwa ameletwa majira ya kuchipua, na alikuwa mtu wa tabasamu na mikono laini. Burulkan alikuwa na hofu. Kubat ndiye aliyemtoa hofu. Walikuwa wamesimama kwenye ngazi za ofisi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia atapewa mkataba wa mwaka mwingine, ameshazungumza. "Hakuna anayekuachia uende, Eje, mpaka hii sheria iote mizizi. Mimi nipo."

Na sasa Jumatatu kulikuwa na mtihani. Nafasi ya mtendaji wa kijiji cha Kara-Döbö, kijiji kikubwa kuliko vyote, chenye mlango wa mfereji unaonywesha bonde zima. Waombaji walikuwa watatu. Mmoja Salkin, karani wa hapo hapo kijijini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyesoma majira yote ya joto mpaka akaanza kuvaa miwani. Wa pili Mamatkul, aliyekuwa mwalimu kabla shule ya kule mlimani haijafungwa, sasa anachunga malishoni ambako simu haishiki. Wa tatu Ruslan, mdogo wake mke wa mkuu wa wilaya, aliyekwisha kufanya mtihani mara mbili na mara zote mbili jina lake likakaa chini kabisa ukutani, watu wakalisoma wakanyamaza kwa adabu. Burulkan alikuwa hana shaka na Jumatatu. Aliwaza kikohozi tu.

Uani kwa Kubat kulikuwa kumesimikwa hema jeupe la sufu, na kando yake masufuria makubwa yanachemka juu ya mashimo ya moto. Wanawake walikuwa wanakaanga maandazi, moshi wa mafuta umewapanda mpaka kwenye nyusi. Zuura, mama yake Kubat, alikuja kumpokea. Akalipapasa zulia, akaligeuza kutazama mshono wa nyuma kama wafanyavyo wanawake wote wanaojua, akasema ni kazi safi.

"Hili mimi nimelipokea," akasema. "Sio kama wewe uliyeukataa mtindi wangu."

"Bado tu, Zuura?"

"Nitakufa nao rohoni." Lakini alipokuwa akisema hivyo hakumtazama usoni. Burulkan akadhani ni moshi.

Wakamleta mtoto, Alinur, mashavu mekundu, wakamsimamisha juu ya zulia jipya. Bibi yake akamfunga vifundo vya miguu kwa uzi uliosokotwa kwa sufu nyeusi na nyeupe. Desturi yenyewe ni hii: watu wanasimama mbali, wanakimbia, na atakayefika wa kwanza anapewa kisu akate ule uzi, na mtoto anachukua mwendo wa aliyemkata. Hakuna anayeulizwa ni mtoto wa nani. Wapo matajiri ambao nyuzi zao zilikatwa na mtoto wa mfagiaji, na wanajisifu nayo mpaka leo kwamba wana miguu yake.

Walianza watoto, wakapewa peremende. Kisha wakaitwa wanawake, maana Kubat alikuwa ametangaza kwamba kisu leo ni cha wanawake. Wakapanga mstari kule kwenye mfereji, wamepandisha magauni, wengine wamevua viatu. Palikuwa na vicheko vingi. Mmoja akamwambia Salkin avue miwani asije akakimbilia kwa mtoto asiye wake. Salkin akamjibu kwamba yeye hata akiwa kipofu angefika, atafuata harufu ya maandazi.

Na kweli alifika. Alikimbia na viatu vyake vya mpira, magoti juu, kitambaa kimeruka, na alipopiga magoti mbele ya mtoto, mwanamke aliyemfuatia alikuwa bado kwenye ua wa alizeti. Akanyoosha mkono, anahema, anacheka, apewe kisu.

Kisu alikuwa nacho Kubat. Akakizungusha kikageuka mpini mbele, akampita Salkin, akamwinamia mke wa mkuu wa wilaya aliyekuwa ameketi kwenye kiti na pochi yake mapajani.

"Huyu dada yetu alifika na gari," Kubat akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Alifika kabla yenu wote kutoka nyumbani. Sasa nani wa kwanza?"

Watu wakacheka, kicheko cha kuchelewa kidogo. Mke wa mkuu akainuka, akakata uzi bila kupiga magoti, na Zuura akamtupia Salkin kipande cha kitambaa cha gauni begani, asante kwa kukimbia. Salkin akasimama akajipangusa vumbi magotini.

Jambo hilo lilimchoma Burulkan. Lakini mtu aliyempenda mtu anayo njia ya kumtafutia udhuru. Akajiambia, ni mgeni mkubwa, kijana amebanwa, ni uzi wa mtoto tu si kazi ya serikali. Jumatatu kitahesabiwa kilicho cha kuhesabiwa.

Wakaingia hemani kula. Hapo ndipo alipopaswa kujua, maana mambo yalikuwa yameandikwa kwenye sahani. Kwanza walimkalisha juu kabisa, mkabala na mlango, bega kwa bega na mke wa mkuu. Kisha nyama ikaletwa. Mfupa wa nyonga ukaenda kwa mkuu wa wilaya, sawa. Kitokono, kile cha mkiani chenye mafuta yanayotetemeka, ambacho ni cha mwanamke anayeheshimiwa kuliko wote waliomo, Kubat akakileta mwenyewe kwa mikono miwili akakiweka mbele ya Burulkan.

"Hiki ni cha mama yako," Burulkan akamnong'oneza. "Mimi nitakula ubavu kama siku zote."

"Leo ni chako, Eje."

Akamtazama Zuura ng'ambo ya kitambaa cha chakula. Zuura alikuwa anamegea watu mkate, anamega vipande vidogo vidogo mno. Burulkan akakata kipande cha mafuta akala. Akajisikia ameheshimiwa. Alikumbuka zile buti zilizolowa, na akasema moyoni kwamba hakuna kilichopotea.

Chai ilipomiminwa, Kachkinbay akainuka na kikombe mkononi. Alianza na mtoto, miguu yake iwe myepesi, ya kheri. Kisha akageukia upande wa Burulkan. Alisema mengi, na mazuri. Kwamba wilaya ina watu wengi wenye vyeo lakini dhamiri yake ni mmoja. Kwamba amefundisha kizazi kizima, na mwanafunzi wake bora ndiye mwenye nyumba hii. Kwamba mtu kama huyu haifai kuzeekea kwenye korido yenye baridi na kikohozi chake. Kwamba kuanzia leo, kwa shukrani ya serikali na ya wananchi, apumzike.

Burulkan alikuwa ameshika kikombe. Alisikia neno apumzike likipita kama linamhusu mtu mwingine.

Pazia la mlango likainuliwa. Kubat akaingia, mikononi amelaza joho la mahameli ya buluu, limetariziwa pembe za kondoo kwa uzi wa dhahabu, jipya, zito, la kupimwa kwa fundi. Ndiyo maana mke wake Kubat alikuja mwezi uliopita akampima mabega kwa viganja, akisema anataka kumfumia sweta. Watu wote wakainuka. Anapovishwa mtu joho hakuna anayebaki ameketi, na hakuna anayelikataa; kulikataa ni kuitemea nyumba ya watu chumvi yake, na siku ya mtoto ndiyo mbaya zaidi. Kubat akapita nyuma yake, akalitandaza mabegani, akalifunga kifungo cha shingo.

Alikuwa karibu kiasi cha kusikika pumzi. "Jumatatu?" Burulkan akamuuliza bila kugeuka.

"Imeahirishwa tu, Eje. Sheria haijafutwa. Haitafutwa."

"Na Kara-Döbö?"

"Atakaa kaimu kwa muda."

Hakuuliza ni nani. Alijua kwamba kaimu hafanyi mtihani. Katika sheria yote, hapo ndipo palipokuwa na upenyo, na yeye na Kubat walikuwa wamepagundua pamoja, majira ya baridi moja, wakanywa chai wakikubaliana kwamba siku akipatikana mtu wa kupapitia, yote yamekwisha. Ni wao wawili tu waliokuwa wamepaona.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mazingira yaruhusu." Kisha, haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto: "Ningekataa wangeniondoa mimi, wakaweka mtu wao. Nimebaki ili niilinde."

"Unalinda nini kilichobaki, mwanangu?"

Kubat akamlainisha mabega ya joho kwa viganja na kurudi pembeni.

Sasa watu walikuwa wamesimama na viganja wameviinua mbele ya vifua, wanasubiri. Aliyevishwa joho ndiye anayetoa dua ya mwisho. Mtoto Alinur alikuwa mikononi mwa bibi yake, miguu mitupu, uzi uliokatwa ungali umening'inia kwenye kifundo kimoja. Mtu mmoja mlangoni akakohoa. Kila aliyekuwemo alijua kwamba mama mzima akiondoka bila kumwombea dua mtoto siku hiyo, ni jambo litakaloambiwa mpaka mtoto aoe.

"Kabla sijaomba," Burulkan akasema, "Kubat, nirudishie ufunguo wangu."

Kubat akajipapasa mfuko wa koti, wa kushoto, wa kulia. Akasema uko ofisini, mezani, ataupata Jumatatu. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda penginepo, mara moja tu, na Burulkan akayafuata. Yalikwenda mwisho wa kitambaa cha chakula, karibu na mlango, alipokuwa amesimama Ruslan na viganja vyake wazi kama watu wengine. Kwenye kidole chake cha shahada ulining'inia ufunguo wa gari. Na pamoja na ufunguo wa gari, ufunguo mwingine wa shaba, na uzi mwekundu wa sufu umekunjwa kunjwa usimsumbue.

Uzi ule alikuwa ameufuma mwenyewe. Aliutazama. Hasira haikuja kwanza. Kwanza yalikuja maziwa ya moto: kwamba aliketi nyumbani Ijumaa nzima anakunywa maziwa ya moto, anamshukuru kijana kwa kumjali kifua.

Akageuza macho kwa mtoto. Mtoto alimtazama, akapiga chafya.

"Utembee kwa miguu yako," akamwombea. "Usibebwe. Amina."

Watu wakapangusa nyuso kwa viganja, upesi, kama waliomaliza kazi nzito, wakaanza kutoka. Ilikuwa dua fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika hema lile, lakini ilikuwa dua, na hakuna aliyeweza kusema hakuitoa.

Alimkuta Salkin nyuma ya hema, anasuuza vikombe kwenye beseni. Akavua joho. Lilikuwa lake sasa, na mtu akishapewa joho akimvisha mwingine hakuna anayemlaumu. "Simama," akamwambia. "Wewe ndiye uliyefika wa kwanza na hukupewa kitu."

Salkin akarudi nyuma na mikono yake inadondoka maji. "Hapana, Eje. Usinivishe. Mume wangu ndiye anayefungua mlango wa mfereji, na mshahara wake unatoka kwa hao hao. Wataniona."

"Waone. Tunakwenda Bishkek mimi na wewe. Wewe ni mwombaji, una haki ya kulalamika."

"Mimi si mwombaji." Salkin alivua miwani akaipangusa kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Niliondoa jina Jumatano. Kubat alikuja nyumbani. Alizungumza vizuri tu, hakunitisha. Aliuliza habari za mume wangu."

"Jumatano." Burulkan akarudia. "Ufunguo nilimpa Alhamisi. Na hukuniambia."

"Tulidhani unajua, Eje. Joho limeshonwa mwezi mzima. Kijiji kizima kilijua." Akasita. "Wengine walisema umelikubali, kwamba umechoka. Mimi sikusema."

Burulkan akalikunja joho, akaliweka mkononi. Njiani kurudi watu walimsalimia vizuri kuliko siku zote. Walisema hongera, Eje. Jolchu alipomwona anaingia langoni na ile buluu mkononi, akaweka chini chombo cha moshi. Hakuuliza wala hakufanya mzaha, na hilo lilimuumiza Burulkan kuliko kama angefanya.

Jumatatu aliamka saa ile ile, akavaa sketi ya kazini, akapeleka mkono shingoni. Jolchu akamwambia huna pa kwenda, kizee wangu, keti tunywe chai. Burulkan akasema anakwenda kuchukua vikombe vyake na ua lake la dirishani. Lakini hakuchukua vikombe. Alikwenda mpaka mwisho wa korido, akaketi kwenye benchi mbele ya chumba cha mtihani. Lile tangazo lililochapishwa vizuri, kwamba kazi ya umma hupatikana kwa ushindani ulio wazi, lilikuwa bado ukutani. Hakuna aliyelibandua. Mtu alikuwa hata amelipangusa vumbi. Kitasa ndicho kilichokuwa kipya.

Katibu Kubat alipita na mafaili kwapani, akamwona, akapunguza mwendo. Akasema korido ina baridi, Eje, amwagize mtu alete chai? Burulkan akaendelea kulitazama tangazo, na Kubat akaenda zake.

Ndipo akasikia hatua za buti kwenye ngazi, nzito, za mtu asiyezoea ngazi. Alikuwa Mamatkul. Amenyoa, amejikata kidevuni. Shati jeupe limepigwa pasi chini ya koti linalonuka farasi na majani ya milimani, na mfukoni kalamu mbili, endapo moja itakataa. Kule malishoni simu haishiki, na Kubat hakupanda mlima kwenda kumwambia mtu asiyetuma wa kumwombea.

Akamwamkia kwa heshima, mkono kifuani. Akasema ameshuka tangu jana, farasi amemfunga kwenye uzio wa posta, anatumaini hajachelewa. Akautazama mlango. "Wenzangu wameshaingia?"

"Hakuna mtihani, Mamatkul. Wameweka kaimu."

Alichukua muda kulielewa. Aliuliza kaimu ni nani, akaambiwa. Aliuliza basi arudi lini, na Burulkan akafungua kinywa, na neno la kwanza lililomjia lilikuwa lile la Kubat, mpaka mazingira, akalikatisha.

"Usirudi," akasema. "Mimi sipo tena hapa. Wamenivisha joho."

Mamatkul alizitoa zile kalamu mfukoni, akazitazama, akazirudisha. Hakuwa mtu wa kelele. Alimtazama yeye tu, sio mlango, wala lile tangazo ukutani, wala upande ule wa korido uliokuwa na ofisi za wakubwa, ambao hakuwajua wala hawakuwahi kumwahidi kitu.

"Nimekuja peke yangu," akasema. "Mjomba wangu angeweza kuja kuongea nao, anafahamiana na mkuu. Nikamkataza. Kwa sababu aliyekuja kule malishoni na kunywa chai hemani kwangu hakuwa mkuu wa wilaya, Eje. Ulikuwa wewe."